Mkononi mwa Mwenyewe

Fomu ilikuwa ya moto. Hapo ndipo mambo yalipoanzia, wala msidhani kulikuwa na radi au bundi juu ya paa. Ilikuwa asubuhi kama asubuhi nyingine, chai ya Mama Kidirisha bado inafuka kwenye kikombe, mwanamke mmoja akapitisha fomu ya telegramu chini ya kioo. Mama Kidirisha akaishika, akaiachia. Ilikuwa na joto la nguo iliyotoka sasa hivi kwenye pasi.

"Uliiweka juani, mwanangu?" akauliza.

Mwanamke akakisogelea kioo. Alikuwa amejitanda mtandio mpaka kwenye nyusi, na mikono ameirudisha ndani ya nguo kama mtu mwenye baridi.

Sasa najua mtacheka. Mtasema, telegramu? Si zilikufa tukiwa bado hatujazaliwa? Hazikufa. Nyuma ya posta ya mji ule kulikuwa na chumba kimoja, kaunta yake ya mbao imelika pale watu wanapoegemeza viwiko, kioo chake kina tundu la kupitishia karatasi, na ndani yake ameketi Mama Kidirisha tangu enzi za mashine za kugonga mpaka zikaja kompyuta. Unaandika maneno yako machache, anayahesabu, anayachapa. Yakitoka mji mwingine, yeye ndiye anayeyapokea, anayatia bahasha, na mpelekaji anayabeba mpaka mlangoni kwa mtu. Nani alikuwa bado anatuma? Mawakili, kwa kuwa mahakama inapenda karatasi yenye saini. Wazee wanaopongeza harusi za wajukuu, maana telegramu unaitia kwenye fremu unaitundika ukutani, na ujumbe wa simu utauning'iniza wapi? Na wake za watu. Hao hawakuwa wengi, lakini Mama Kidirisha aliwajua kwa namna walivyougeukia mlango kabla ya kushika kalamu. Wake ambao simu zao zinakaguliwa, au zimefungiwa kabatini, au zimepigwa ukutani zikabaki vipande.

Ofisi ile ilikuwa na sheria zake. Karani hasemi nje yaliyopita chini ya kioo. Na telegramu inapokelewa na mwenye jina. Si mumewe, si mama mkwe, si jirani mwema. Mwenyewe atoe mkono, atie saini, ashike. Kama hayupo, inarudi ofisini, hata kama mpelekaji amelowa mpaka kwenye soksi.

Basi Mama Kidirisha akaisoma ile fomu. Ilikuwa inakwenda mle mle mjini, kwa Mwenye Gereji, yule bwana mnene wa magari mabovu barabara ya juu. Maneno yenyewe yalikuwa haya: NJOONI MNICHUKUE NITAUAWA.

Kidole chake kikakwama kwenye neno la mwisho. Maneno yale aliyajua. Miezi michache nyuma aliyahesabu kwa kidole hicho hicho, yameandikwa na mke wa huyo huyo Mwenye Gereji, binti mdogo wa kuja, akiyatuma kwa kaka zake mji wa mbali. Akayatuma yakaenda. Wiki haikuisha, mji ukasikia yule binti ameungua jikoni, jiko la mafuta limepasuka. Kaka zake walipofika walikuta udongo wa kaburi bado mbichi, na mama mkwe analia kuliko watu wote.

"Hii inatoka kwa nani?" Mama Kidirisha akauliza. Sauti ilimtoka ndogo.

Mwanamke akagusa kioo kwa kucha, pale palipoandikwa mtumaji. Palikuwa pameandikwa: Mlezi wake.

"Mlezi wa nani?"

"Wa yule uliyemhesabia maneno."

Kioo kikatanda ukungu alipolisema hilo, na Mama Kidirisha akanyoosha kitambaa afute kama anavyofanya siku za mvua, akakuta ukungu uko upande wake, upande wa ndani, kama vile aliyepumua amekaa naye kwenye kiti kimoja. Alipoinua macho, mbele ya kaunta palikuwa pameachwa harufu tu, harufu ya mafuta ya taa na nywele zilizoungua.

Angeweza kuichana. Lakini kazi ni kazi, na mkono uliokwisha zoea hauulizi kichwa. Akachapa, akatia bahasha, akamwita mpelekaji.

Mpelekaji alikuwa mwanawe wa kumzaa. Mjini walimwita Redio kwa kuwa hazimwi. Anaongea akila, anaongea akipiga mswaki, na mkewe alikuwa akiapa kwamba hata usingizini anasoma habari. Kijana wa watu, mcheshi, mwenye pikipiki inayolia kama mbuzi. Mkewe mja mzito, tumbo limeshatangulia mlangoni kabla yake. Nyumba ilikuwa moja, mama na mwana na mkwe, na Mama Kidirisha hakuwa na mtoto mwingine.

"Wa gereji?" Redio akasema alipoona jina, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akanyamaza kidogo. Kisha akacheka. "Huyu labda anadaiwa na wakili. Nampelekea, mama, niione sura yake."

Akarudi baada ya muda mfupi. "Nimemkabidhi mkononi, ameweka saini. Amesoma, akanitazama kama samaki. Hata asante hakunipa."

Kesho yake Mwenye Gereji alikuja ofisini mwenyewe. Aliingia kwa kishindo, akawapita waliokuwa kwenye foleni, akaiweka telegramu mbele ya kioo, akafungua mdomo amwage matusi. Yakatoka haya:

"Njooni mnichukue nitauawa."

Watu wakageuka. Akameza mate, akajaribu tena, mishipa ya shingo imemsimama. "Njooni mnichukue nitauawa." Mzee mmoja kwenye foleni akaangua kicheko. "Bwana mkubwa kama wewe nani atakubeba, labda tuite winchi." Foleni nzima ikacheka. Mama Kidirisha hakucheka, maana kutoka kwenye kile kinywa kilichokuwa wazi mbele yake aliona moshi mwembamba, mwembamba kama uzi, ukitoka pamoja na maneno.

Alipewa kalamu aandike, akaandika hayo hayo. Alikwenda hospitali, daktari akamuuliza anaumwa wapi, akajibu hayo hayo. Alikwenda polisi. Wakamuuliza, nani anataka kukuua? Akajibu hayo hayo. Wakatazamana, wakamwambia hayo ni mambo ya nyumbani, arudi akazungumze na watu wake, wakampandisha kwenye gari lao wakamshusha mlangoni kwake. Mafundi wake wakasema bosi amechanganyikiwa, wakafunga gereji mapema. Alikutwa amekaa jikoni ameegemea ukuta. Ngozi yake haikuwa na hata doa la kuungua, nguo zake safi, jiko limepoa, ila walipomfunga taya walikuta kinywa kimejaa masizi mpaka kooni, kama bomba la moshi ambalo halijasafishwa miaka.

Mazishi yalipokwisha, fomu ya pili ikapita chini ya kioo, ya moto kuliko ya kwanza. Ilikuwa kwa mama yake Mwenye Gereji, yule aliyelia kuliko wote. Maneno yake: TUNAKUJA IJUMAA JIANDAE.

Hayo nayo Mama Kidirisha aliyajua. Ndiyo yale majibu ya kaka zake yule binti, aliyoyatoa kwenye mashine kwa mikono yake, akayatia bahasha, akampa Redio ayapeleke mkononi mwa mwenyewe.

Akaketi, akaipanga habari ile kichwani. Kama yule binti alipata majibu yale, alijua kaka zake wanakuja Ijumaa. Angefunga vitu vyake kimya kimya, angengoja. Mume angejulia wapi?

"Kwa nini huendi mwenyewe kwao?" akamuuliza yule mwanamke, kwa kunong'ona, kwa kuwa kulikuwa na wakili nyuma anapekua makaratasi. "Mwenye nguvu za namna hii unahangaikia nini telegramu?"

"Siingii kwa mtu ambaye hajanipokea," mwanamke akasema. "Bibi zake yule binti walinipokea, mama yake akanipokea, na kwake nilipokewa siku alipozaliwa. Nilikaa mwilini mwake kama paka, sikumsumbua. Wamenichomea nyumba yangu. Sasa nabisha hodi kila mahali, na wewe ndiye unayenifungulia."

Wakili nyuma akakohoa. "Mama, hapo kuna nini kinachoungua?"

Mama yake Mwenye Gereji alipokea telegramu, na tangu siku hiyo akawa anafunga nguo kwenye shuka, anakaa kando ya barabara, anamwambia kila anayepita, "Tunakuja Ijumaa, jiandae." Ijumaa inafika, inapita, anafungua shuka, anakunja nguo upya, anangoja Ijumaa nyingine. Hakula mpaka alipolishwa. Hakulala mpaka alipofungwa. Hakufa, na nadhani hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yenyewe.

Sasa subirini. Ya tatu ilikuja siku ya mvua, na Mama Kidirisha aliitambua kabla hajaiona, kwa kuwa kaunta yote ilipata joto chini ya viwiko vyake. Akaivuta. Akasoma jina la mpokeaji, akasoma tena. Lilikuwa jina la mwanawe, jina kamili alilompa siku ya kuzaliwa, ambalo hata mtaani hakuna anayelikumbuka.

Maneno yenyewe: UTAMPA MWENYEWE MZEE.

"Haya sijawahi kuyahesabu," akasema. "Haya hayakupita hapa."

"Hayakupita kwako," mwanamke akajibu. "Muulize yeye yalipita wapi."

Mama Kidirisha hakuichapa. Aliikunja ile fomu, akaitupa kwenye droo ya chini, akaifunga kwa ufunguo, akafunga na ofisi kabla ya saa, jambo ambalo hajawahi kulifanya hata siku aliyofiwa na mumewe.

Nyumbani alimkuta Redio sebuleni anamchekesha mkewe. Akamwita uani, kwenye kibaraza cha kufulia, mvua ikigonga bati juu yao. Hakumzungusha. Alimwambia yale maneno tu, moja baada ya jingine.

Redio akatafuta pa kukaa. Akakaa juu ya ndoo.

"Nani kakwambia hayo? Tulikuwa wawili tu."

"Wewe na nani?"

"Mama, mvua ilikuwa kubwa. Nimefika getini kwa Mwenye Gereji na ile telegramu ya mkewe, yeye yuko pale na mwavuli. Ananiambia mke wangu amelala, nipe mimi. Nikakataa, wallahi nilikataa kwanza. Akasema pikipiki yako cheni imelegea, lete kesho nikuwekee mpya. Basi nikampa. Nikamwambia, utampa mwenyewe, mzee. Akatia saini ya jina la mkewe, nikaondoka."

"Ukaondoka."

"Mimi nilimuua? Mimi nilitoa karatasi, mama. Karatasi tu. Kila mpelekaji anafanya, ukiwa umelowa unafanya."

Mama Kidirisha alimtazama mwanawe yule aliyekaa juu ya ndoo, na hasira iliyompanda hakuijua ilikotoka, kwa maana alikuwa mama, na mama huwa wa kwanza kutafuta sababu za mtoto. Akakumbuka ile pikipiki ilivyokuwa ikipita uani na cheni mpya inang'aa, na yeye mwenyewe akasema, mwanangu, cheni nzuri.

"Tuna sheria moja ya mlangoni," akasema. "Moja, mwanangu. Hata mtoto angeishika."

Ndani, mkwe akaanza kukohoa.

Alikohoa jioni ile, akakohoa asubuhi, na kitambaa alichojifutia kikawa na madoa meusi. Shuka alizofua nyeupe zilianuliwa zina alama za vidole vya masizi kwenye pindo, kama zimeshikwa na mtu aliyekuwa anazihesabu. Mchana mmoja, jua likiwa wazi kabisa, alimwambia Mama Kidirisha kwa sauti ya kuogopa kusikiwa, "Mama, kuna mtu anasimama mlango wa jikoni. Haingii. Nikigeuka naona mwanga umezibwa, nikitazama vizuri hayupo, lakini kizingiti kinakuwa cha moto, na mtoto tumboni anajikunja kama anakwepa kitu."

Redio alikuwa hatoki chumbani. Utani wote ulimwisha.

Ikabidi atafutwe mganga, na mganga aliyepatikana alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa makamo mwenye futi ya kupimia shingoni na pini mdomoni, ambaye watu humwendea kwa nguo mchana na kwa mambo mengine wakijificha. Alikuja mpaka ofisini wakati wa chakula, foleni haipo. Akainama kwenye ile droo, akainusa, akaweka kiganja juu ya mbao, akakiondoa haraka akikipuliza.

"Nimetoa wengi, dada," akasema. "Kuna wanaotaka kubembelezwa, kuna wanaotaka kufokewa. Wanakuwa wamemwingia mtu, unawatoa kwa mtu. Huyu hakumwingia mtu. Huyu alipanga foleni, akajaza fomu, akalipa. Sasa mimi nimtoe wapi? Huyu ni mteja."

"Usinifanyie mzaha, shoga, mwanangu atakufa."

"Sifanyi mzaha. Ninachokwambia ni kwamba umezuia kitu cha mteja. Maadamu kimelala humo kwenye droo, yeye halali, na nyumba unayorudi jioni ameshaijua. Amesimama kizingitini anangoja mkono wowote umfungulie. Siku atakayochoka kungoja mwenye jina, atapokewa na aliye karibu."

Mama Kidirisha akaufikiria ule mkono ulio karibu, na tumbo lililotangulia mbele yake.

"Na nikiipokea mimi? Mimi nimeshaishi. Nitie saini badala yake, anichukue mimi."

Mganga akaitoa pini mdomoni, akaichomeka kwenye kola. "Jaribu. Lakini mtu kupokea cha mwenzake, si ndilo lililomleta?"

Alijaribu. Alipobaki peke yake alifungua droo, akaichapa ile telegramu, akaitia bahasha, akaweka stakabadhi juu ya kaunta, akashika kalamu. Kalamu haikuandika. Akaijaribu pembeni kwenye gazeti, ikaandika vizuri, akairudisha kwenye stakabadhi, ikapita kavu, akakandamiza mpaka karatasi ikachanika, akabadilisha kalamu, akabadilisha tena, huku bahasha chini ya mkono wake wa kushoto ikizidi joto na kuzidi mpaka harufu ya ngozi yake mwenyewe ikamfikia puani, na kutoka nyuma ya kioo, mahali ambapo hapakuwa na mtu, sauti ikamwambia kwa upole kabisa, kama karani anavyomwambia mzee asiyesikia, "Jina hili si lako, mama."

Akaifungia tena. Akaenda hospitali kufungwa kiganja.

Huko ndiko alikokosea kwenda. Akiwa hayupo, Meneja wa posta akashuka kutoka juu kutafuta gundi. Meneja hakuwa mtu mbaya, ila hakupenda kuona kazi imelala. Droo ilimshangaza kwa joto, akaifungua kwa ufunguo wa akiba, akakuta telegramu imechapwa, ina jina, ina mtaa, haijapelekwa. Redio haonekani kazini siku nyingi. Akamwita baba mmoja wa idara ya vifurushi, mwenye gari, akamwambia ampunguzie aibu, aipeleke njiani akipita.

Mama Kidirisha aliporudi na bandeji yake alikuta droo wazi.

"Ile bahasha iko wapi?"

"Nimekusaidia," Meneja akasema. "Imekwenda. Ya mtaani kwenu, kumbe."

Mama Kidirisha hakuwa amekimbia tangu ujana wake. Alitoka na mkoba wazi, vitu vikidondoka, akapita katikati ya magari yanayompigia honi, viatu akavivua akavishika mkononi kisha akavitupa, kifua kinamwaka, na kila alipovuta pumzi ilikuwa na harufu ya mafuta ya taa, na kila alipopita watu waligeuka si kumtazama yeye bali kutazama kitu kilichokuwa kinakwenda sambamba naye upande wa pili wa barabara, bila haraka, bila kukimbia, kinakwenda kama mtu aliyealikwa ambaye anajua hawezi kuchelewa.

Gari la vifurushi lilikuwa limesimama mbele ya nyumba. Mlango uko wazi. Mkwe amesimama ndani ya kizingiti, mkono mmoja kiunoni, mkono mwingine ameshika kalamu. Na yule baba wa vifurushi, mtu mwenye haraka zake, anamshikia stakabadhi iliyo juu ya kibao.

"Saini hapa tu, binti yangu," alikuwa akisema. "Ni ya mumeo. Utampa mwenyewe."

Nyuma ya mgongo wake, ambapo hapakuwa na mtu, upindo wa nguo ulikuwa unafuka moshi.

Mama Kidirisha hakupiga kelele. Pumzi hiyo hakuwa nayo. Aliufikia ule mkono wa mkwe akaung'oa kwenye kalamu, kidole kwa kidole, akamsukuma binti wa watu ndani ukutani, akasimama yeye kwenye kizingiti.

"Mwenye jina yumo," akamwambia yule baba. "Hii anapokea mwenye jina."

"Haya mama, mimi sina ugomvi, nina vifurushi garini."

Akaugeukia mlango wa chumbani. Na sauti aliyoitumia haikuwa ya mama. Ilikuwa ile ya kwenye kioo, ile anayowaitia watu asiowajua. Alilitaja lile jina kamili. "Una telegramu, bwana. Toka upokee."

Nyuma ya mlango Redio akasema, "Mama, mwambie sipo."

"Mkeo ndiye aliye mlangoni. Usipotoka wewe, itashikwa na yeye. Chagua. Yule binti wa gereji hakupewa hata nafasi ya kuchagua."

"Wewe ni mama yangu."

"Ni mama yako. Ndiyo maana nimekimbia."

Kitasa kikazunguka. Redio alitoka na fulana ya kulalia, macho mekundu, midomo inajaribu kutabasamu kwa mazoea. "Sauti ya ofisini mpaka nyumbani, mama," akasema, na hakuna aliyecheka. Akachukua kalamu. Alipoona ule moshi nyuma ya yule baba, akashika fremu ya mlango. Akamgeukia mkewe. Akamwambia sikioni jina alilotaka mtoto aitwe, akalirudia, akamwomba alirudie yeye aone kama amelisikia. Mkewe akalirudia. Basi akatia saini.

Wino ukatoka vizuri, mweusi, bila shida.

Alipoichana bahasha, upepo wa moto uliingia ndani ukawapita wote, ukazima redio iliyokuwa inasema mezani, ukazunguka nyumba mara moja kama mwenye nyumba anayekagua vyumba, ukatulia. Mkwe akavuta pumzi, ikaingia mpaka chini, na kikohozi kikawa kimekwisha.

"Mume wangu," akasema.

Redio akamtazama kwa huruma kubwa. Akafungua mdomo. "Utampa mwenyewe, mzee," akasema.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike, mzito, mwenye mapafu ya kuamsha mtaa. Baba yake anambeba siku nzima, na kila anapotaka kumwita kwa lile jina alilomchagulia, yanamtoka yale maneno kwa mzee asiyekuwepo, na mtoto anacheka kwa kuwa hajui maneno. Kuna usiku anayasema akilala, mpaka kunakucha. Mama Kidirisha husikia kupitia ukuta, na hajawahi kuniambia kama anajuta. Nilimuuliza mara moja, akanimiminia chai.

Alirudi kazini, maana angefanya nini. Wiki zikapita. Mpelekaji mpya alikuwa hajapatikana, telegramu zinarundikana, Meneja anazipeleka mwenyewe kwa gari lake akilalamika. Siku moja asubuhi, foleni imekwisha, kaunta ikapata joto.

Mwanamke alisimama mbele ya kioo, safari hii mtandio umeshuka. Sitasimulia uso ule. Hakuwa na fomu.

"Umemaliza?" Mama Kidirisha akauliza.

"Wa kwangu nimewamaliza."

"Na mimi?" Mikono yake aliiweka juu ya kaunta, ile yenye kovu juu ya isiyo na kovu. "Nilisoma kwamba atauawa, nikahesabu maneno, nikampa chenji. Nilingoja ya kwangu ije. Kila siku nilingoja."

"Ya kwako niliiandika kabla ya zote," mwanamke akasema. "Nikaichana. Nikikuchukua wewe, nani atakaa hapa?"

Akanyoosha shingo kidogo, akatazama nyuma ya Mama Kidirisha, kwenye meza ya telegramu zilizokosa mtu wa kuzipeleka. Juu kabisa kulikuwa na ya asubuhi ile, ya binti mmoja aliyekuja juzi na mkono umefungwa kitambaa, aliyeutazama mlango mara nyingi kabla ya kuandika. Majibu ya baba yake yalikuwa mafupi: NIKO NJIANI MWANANGU.

"Hiyo naipeleka mimi," akasema mwanamke, na mkono ukapita chini ya kioo, kiganja juu, cheusi kama sufuria.

Mama Kidirisha aliichukua ile bahasha. Akaishikilia.

"Itafika mkononi mwa mwenyewe?"

"Itafika."

"Na ukimkuta mume getini?"

Kwa mara ya kwanza tangu aanze kuja kwenye dirisha lile, mwanamke akatabasamu.

"Ndiyo naomba nimkute."